Fahamu: Nasaba na Ndoa ya Binti Mfalme Iman wa Jordan

Tarehe 12 Machi 2023, katika kasri ya Beit Al Urdun mjini Amman, ilifungwa akdi ya Iman, binti wa Mfalme Abdullah wa Pili, na Jameel Alexander Thermiotis, kijana aliyezaliwa Caracas, Venezuela, katika ukoo wenye asili ya Kiyunani. Wanaostaajabu kwamba bwana arusi hakutoka katika kabila za Kiarabu na waitazame kwanza nasaba ya bibi arusi mwenyewe; kwani nyanya yake mzaa baba, Muna, ni Mwingereza aliyeitwa Antoinette Gardiner kabla ya kuolewa na Mfalme Hussein mwaka 1961, na mama yake, Malkia Rania, alizaliwa Kuwait mwaka 1970 kwa wazazi wa Kipalestina, hali ukoo wa babaye Iman, Bani Hashim, hujinasibisha na Mtume Muhammad. Siku ya hina Iman alijifunga mshipi aliouvaa mamaye arusini mwaka 1993: jambo dogo, lakini kwangu mimi lina uzito kuliko fahari yote ya kasri. Mwezi wa Februari 2025 Iman na Jameel wakaruzukiwa mtoto wa kike, Amina.