Kaunti Isiyoweza Kukopa: Bajeti za Magatuzi ya Kenya Uchumi Unapodorora

Uchumi unapodorora, serikali ya eneo, iwe kaunti, mkoa au jimbo, hubanwa pande mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa mapato yake hupungua pindi biashara zinapolala na ajira kukauka, ilhali wananchi wanaotegemea hospitali na huduma zake huongezeka. Serikali ya kitaifa huweza kuziba pengo hilo kwa kukopa ndani na nje ya nchi, lakini serikali ya ngazi ya chini aghalabu haina ruhusa hiyo. Kaunti 47 za Kenya, zilizoanza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, zinadhihirisha kwamba kuzuia mkopo hakuzuii deni, bali hubadilisha tu mdai.

Sehemu kubwa ya fedha za kaunti hutokana na mgao wa mapato yanayokusanywa kitaifa. Katiba inaagiza kwamba mgao huo usipungue asilimia 15 ya mapato hayo, na kwamba asilimia hiyo ipimwe kwa hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kwa kuwa ukaguzi na uidhinishaji huchukua muda, kipimo hicho hutazama miaka iliyopita, na hivyo kaunti hazipati pigo la mdororo siku ile ile linapoiangukia Hazina ya Taifa. Kinga hiyo, hata hivyo, ni ya kiwango cha chini tu, kwani kiasi chenyewe huamuliwa kila mwaka kwa sheria ya ugavi wa mapato, ambayo Bunge la Taifa na Seneti hulazimika kukubaliana juu yake.

Mwaka 2020, janga la korona lilipofanya uchumi wa Kenya kunywea kwa takriban asilimia 0.3, na serikali ikapunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 ili kuwapa wananchi nafuu, mgao wa kaunti ulibaki shilingi bilioni 316.5, kiasi kile kile cha mwaka wa fedha uliotangulia, ingawa bei na mishahara havikusimama. Mvutano wa Seneti kuhusu fomula ya kugawanya fedha hizo baina ya kaunti, uliodumu hadi Septemba mwaka huo, uliongeza ucheleweshaji juu ya uhaba. Hali iliyofanana na hiyo ilijirudia mwaka 2024, bila uchumi wenyewe kunywea: Mswada wa Fedha, uliokusudiwa kuongeza mapato ya kodi, ulipoondolewa kufuatia maandamano ya vijana, mgao wa bilioni 400.1 uliokwisha kupitishwa ulifunguliwa upya, na baada ya majadiliano marefu ukaishia bilioni 387.4, wakati kaunti zilikuwa tayari zimeanza kutekeleza bajeti zake.

Chanzo cha pili, yaani mapato ya kaunti yenyewe, kama vile kodi za ardhi, leseni za biashara, ada za maegesho na ushuru wa masoko, hakina kinga yoyote ya muda, kwa sababu duka lililofungwa halilipii leseni na soko lisilo na wachuuzi halitoi ushuru. Narok, ambayo hutegemea mno ada za watalii wanaozuru Maasai Mara, ilipoteza chanzo chake kikuu safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai 2020.

Upande wa matumizi nao una ugumu wake. Kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo, yaani miradi kama barabara, zahanati na visima. Lakini mishahara, hasa ya wahudumu wa afya ambao ugatuzi uliwaweka chini ya kaunti, haipunguzwi kwa urahisi katikati ya mwaka, kwa kuwa inalindwa na mikataba, sheria za kazi na tishio la mgomo. Gavana anapopeleka bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya makadirio, katika bunge la kaunti, kinachokatwa kwanza huwa ni miradi ambayo haijaanza, huku ile iliyokwisha anza ikibaki bila malipo.

Hapo ndipo huibuka kile kiitwacho malimbikizo ya madeni, yaani ankara za bidhaa na kazi zilizokwisha kupokelewa bila kulipwa. Katiba inairuhusu kaunti kukopa endapo tu serikali ya kitaifa itadhamini mkopo huo na bunge la kaunti kuuidhinisha, masharti ambayo ni vigumu kuyatimiza wakati Hazina yenyewe imelemewa na madeni. Mfuko wa dharura ambao sheria inaruhusu kaunti kuunda umekusudiwa majanga yasiyotarajiwa, kama mafuriko, wala si upungufu wa mapato. Kwa hiyo kaunti iliyokosa fedha hukopa kwa njia isiyoandikwa, kwa kutomlipa mwanakandarasi aliyejenga zahanati au mfanyabiashara aliyeleta dawa, ambao nao huenda wakawa wamekopa benki kwa riba ili kuitimiza kazi hiyo. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambaye ndiye huidhinisha utoaji wa fedha za umma, zimeonyesha mara kwa mara kwamba malimbikizo hayo ni makubwa, na athari yake ni kuongeza ukali wa mdororo, kwa kuwa humnyima mtaji mwajiri mdogo wakati ule ule mzunguko wa fedha umepungua.

Majimbo ya Marekani, ambayo takriban yote isipokuwa Vermont yanatakiwa kwa namna moja au nyingine kusawazisha bajeti, hukabili tatizo hilo kwa mifuko ya akiba inayojazwa katika miaka ya neema. Wa Texas, kwa mfano, ulioanzishwa mwaka 1988, hulishwa na kodi za mafuta na gesi. Majimbo hayo pia hutegemea msaada wa serikali kuu, kama ilivyokuwa mwaka 2009, na hata hivyo mengi yao hulazimika kupunguza watumishi.

Kaunti za Kenya haziwezi kuiga mfumo huo bila marekebisho, kwa kuwa nyingi hazina ziada ya kuweka akiba. Hata hivyo, mambo matatu yako ndani ya uwezo wao: kukadiria mapato yao ya ndani kwa viwango vilivyowahi kukusanywa badala ya vile vinavyotamaniwa, kulipa malimbikizo kabla ya kutangaza zabuni mpya, na kuchapisha orodha ya wadai pamoja na umri wa kila deni. Hatua hizo hazitazuia mdororo, lakini zitamwezesha diwani anayepitisha bajeti kujua ni nani anayeikopesha kaunti, na kwa masharti gani.