Starehe ya maji moto yahitaji tahadhari

Tangu barabara kuu ya Thika ikamilishwe mwaka 2012, sura ya sehemu zilizo kandokando yake imebadilika mno. Ruiru na Juja zimejaa majumba ya kukodisha na hoteli, na hata wadi ya Theta haikusazwa na mkondo huo. Pamoja na majengo hayo zimekuja starehe ambazo wazee wetu hawakuzijua, mojawapo ikiwa beseni kubwa la maji moto yenye kufoka viputo, ambalo wengi huliita jakuzi. Vijana huliingia wakati wa likizo na katika sherehe za kuzaliwa. Sina ugomvi na starehe hiyo. Ugomvi wangu ni na imani kwamba maji yakiwa moto basi ni salama.

Imani hiyo ina asili yake. Tangu utotoni tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa ili kuua vijidudu, tukakua tukiamini kwamba joto ni adui wa maradhi. Lakini kuchemka ni jambo moja na uvuguvugu ni jingine. Bakteria waitwao Legionella hustawi kati ya nyuzi 25 na 45 za Selsiasi, na hufa upesi maji yapitapo nyuzi 60. Maji ya jakuzi aghalabu huwa kati ya nyuzi 35 na 40. Yaani joto limfurahishalo binadamu ndilo hilo hilo liwafaalo bakteria. Isitoshe, joto na msukosuko wa viputo huitoa klorini majini upesi kuliko katika bwawa la kawaida la kuogelea, na jasho la waogaji huimaliza iliyosalia. Viputo navyo vikipasuka hurusha hewani matone madogo mno, ambayo huvutwa hadi mapafuni.

Anayedhani haya ni maneno ya kutisha watu na ayatazame yaliyotokea Uholanzi mnamo Februari 1999. Katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, mabeseni ya maji moto yaliwekwa ili yatazamwe na wanunuzi, si ili yaogewe. Wageni walipita kando tu, wakivuta hewa yenye unyevunyevu. Watu wasiopungua 32 walifariki, na wengine zaidi ya 100 wakaugua nimonia.

Hatari ya pili imo katika miili yetu wenyewe, na hapa mwalimu wa fizikia na mwenzake wa baiolojia wangeweza kusaidiana vizuri. Mwili hujipoza kwa jasho linalogeuka mvuke. Ndani ya maji jasho halina pa kwenda, na maji yakizidi nyuzi 37 joto huanza kuingia mwilini badala ya kutoka. Mishipa hupanuka, shinikizo la damu hushuka, na anayeinuka ghafla huweza kupatwa na kizunguzungu, akaanguka na kuzama. Mwenye kunywa pombe humo hujiongezea hatari maradufu. Ndiyo maana wataalamu husema maji yasizidi nyuzi 40, na mtu mzima mwenye afya asikae humo zaidi ya robo saa hivi. Mja mzito, hasa katika miezi ya kwanza, na mwenye ugonjwa wa moyo wasiingie kabla ya kumwuliza daktari. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiingie kabisa.

Pia kuna tundu la kufyonzea maji, ambalo watu wengi hawalioni. Mwaka 2002 mjukuu wa James Baker, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alinaswa na nguvu ya tundu hilo, akafa maji. Alikuwa na umri wa miaka saba. Sheria ya kulazimisha vifuniko salama ilipitishwa huko mwaka 2007, ikapewa jina lake.

Walimu nawahusisha kwa sababu ya ziara za shule. Mwanafunzi akipelekwa Olkaria, karibu na Naivasha, atakuta bwawa la kuogea la KenGen, ambalo maji yake hutoka ardhini yakiwa ya moto mno, yakapozwa kwanza. Akipelekwa Ziwa Bogoria atakuta chemchemi zinazotokota, ambazo watalii wamezoea kuchemshia mayai. Zote huitwa maji moto! Mtoto asiyeelezwa tofauti hiyo kabla ya kupanda basi atajuaje ni wapi pa kutia mguu?

Wanafunzi wa kemia, kwa upande wao, wanaweza kufanya jambo ambalo wageni wengi wa hoteli hawalifanyi: kupima. Vijikaratasi vya kupimia klorini na asidi ni rahisi kutumia. Katika jakuzi klorini isipungue miligramu 3 katika kila lita, na kipimo cha asidi kiwe kati ya 7.0 na 7.8. Kipimajoto ni chombo cha kawaida katika maabara.

Hoteli nazo zidaiwe. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti hukagua majiko yake na vyoo vyake. Sioni sababu ya kutowekwa kando ya kila jakuzi, kuanzia Ruiru hadi Thika, daftari la vipimo vya siku hiyo, mahali ambapo mgeni atalisoma kabla ya kuvua viatu.