Salamu za Krismasi Ziandikwe Mapema

Ndio kwanza Novemba, na huenda mwashangaa kutusikia tukitaja kadi za Krismasi. Sababu tunayo.

Mwaka mmoja sisi wa nyumba ya mchungaji tuliketi kuandika kadi zikiwa zimebaki siku nne tu kabla ya Sikukuu. Tulinakili majina mbio mbio kutoka katika orodha ya zamani, tukafunga bahasha, tukazipeleka posta. Moja tuliiandikia "Bwana na Bibi". Yule bwana alikuwa amefariki mwezi wa Agosti, nasi habari tulikuwa tumezipata. Mwezi wa Januari mjane wake alitungoja baada ya ibada, akasema kwa upole, "Mchungaji, kadi yenu ilifika. Je, mlisahau?" Hatukuwa na la kujibu.

Kadi ya Krismasi yenyewe ilizaliwa na shughuli nyingi. Mwaka 1843 huko London, Henry Cole alikuwa na watu wengi wa kuwaandikia na nafasi haba. Akamtaka msanii John Callcott Horsley achore picha, zikachapwa kadi 1,000 zenye salamu tayari. Kilichobaki ni kutia jina. Siku hizi simu imepita hapo: ujumbe mmoja hutumwa kwa watu mia mara moja. Si dhambi. Lakini anayeupokea ajua kwamba si yeye aliyefikiriwa.

Sasa someni Warumi sura ya 16. Paulo alikuwa na kazi nyingi kuliko sisi, na kalamu aliishika Tertio. Hata hivyo awasalimu watu zaidi ya 20 kwa majina, na wengi wana neno lao wenyewe. Priska na Akila walihatarisha maisha yao kwa ajili yake. Epaineto alitangulia kumwamini Kristo katika Asia. Mama yake Rufo alikuwa mama kwake pia. Mwenye haraka hawezi kuandika hivyo.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuchukue daftari juma hili, tupitie majina moja moja, tukimwombea kila mtu. Tuulize: Nani amefiwa? Nani amehama, au ameacha sanduku lake la posta? Pili, walio mbali tuwaandikie kwanza, na fedha za stempu tuziweke kando kidogo kidogo. Tatu, tuandike kadi tano tu kila jioni, na katika kila moja tuongeze sentensi ambayo ni ya mtu huyo peke yake. Nne, tumkumbuke asiyetarajia kadi: mgonjwa, mfungwa, kijana aliyeacha kuja kanisani. Asiye na fedha za kadi na aandike kwenye karatasi ya daftari, ampe mtu anayekwenda huko.

Mwaka uliofuata, kadi yetu ya kwanza ilikuwa ya yule mjane. Tulimtaja mumewe, na kazi aliyolifanyia kanisa.

Majilio yanakaribia, majuma ya kujiweka tayari. Yule tunayemngoja ndiye Mchungaji Mwema, awaitaye kondoo wake kwa majina.

Tuombe. Ee Bwana, usiyemsahau hata mmoja wetu, utupe moyo wa kuwakumbuka wenzetu mapema, kabla hawajadhani tumewasahau. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.