Kubanwa na Misuli Usiku: Kosa Si la Chumvi

Mtu akigutuka saa nane za usiku kwa sababu kigimbi kimekaza kama jiwe, nyumbani hakukosekani mganga. Bibi atasema chumvi imepungua mwilini. Kijana anayecheza mpira atasema ale ndizi. Jirani, asubuhi, ataleta mafuta ya kuchua. Kati ya tiba hizo zote, ile ya chumvi ndiyo yenye historia ndefu zaidi mkoani Tabora na magharibi yake, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwanza.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Tabora Novemba 1857 walikuwa wametumia zaidi ya siku 130 kutoka pwani. Waliobeba biashara ya njia hiyo walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi wa nguo, shanga au pembe, kwa zaidi ya kilomita 800. Mbele ya Tabora, karibu na mto Malagarasi, kulikuwa na Uvinza, ambako maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa mpaka ikabaki chumvi nyeupe. Wanaakiolojia waliochimba huko miaka ya 1960 walikuta kazi hiyo imefanywa kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya Uvinza ilitafutwa kotekote, na kwa mtu anayetokwa jasho siku nzima haikuwa anasa.

Kwa mtu wa aina hiyo, bibi yuko sahihi. Miaka ya 1920 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, waliofanya kazi kwenye joto la chini ya ardhi, walibanwa vibaya na misuli ya miguu, mikono na tumbo. Walikuwa wakinywa maji mengi matupu kufidia jasho, na maji hayo yaliizimua chumvi iliyosalia mwilini. Maji yao yalipotiwa chumvi kidogo, tatizo lilipungua. Mkulima wa tumbaku wa Urambo anayepiga matuta juani, au mwendesha baiskeli mwenye magunia ya mkaa, anaweza kupatwa na hali hiyohiyo.

Lakini mtu wa saa nane za usiku ni mwingine. Hakutoka jasho. Alikula ugali na mboga yenye chumvi ya kutosha, pengine kuzidi. Mara nyingi akipimwa damu, madini yake yako sawa. Hata wanariadha wa mbio ndefu walipochunguzwa, waliobanwa na wasiobanwa hawakutofautiana sana kwa chumvi ya damuni. Kwa hiyo tutafute chanzo kwingine, na kwingine huko ni kwenye neva.

Msuli haujikazi wenyewe. Hupokea amri kutoka uti wa mgongo kupitia neva. Wakati wa kubanwa, neva hizo huanza kufyatua amri zenyewe, mfululizo na kwa kasi kubwa, bila mwenye mguu kutaka. Katika hali ya kawaida ziko breki: ndani ya kano, ile kamba inayounganisha kigimbi na kisigino, mna vihisio vinavyotambua kano ikivutwa na kuutaarifu uti wa mgongo upunguze amri. Sasa tazama jinsi tunavyolala. Unyayo umenyooka kuelekea chini, na usiku wa Julai, Tabora ikiwa na baridi yake, blanketi zito linaukandamiza zaidi. Kigimbi kimejikunja kikawa kifupi, kano imelegea, breki hazina kazi. Ukijinyoosha kidogo usingizini, msuli ambao tayari ni mfupi unaambiwa ujikaze tena. Hapo ndipo unapoamka na kupiga kelele.

Ndiyo maana dawa ya haraka kuliko zote ni kuvuta vidole vya mguu kuja upande wako huku goti limenyooka, au kusimama na kukanyaga sakafu kwa unyayo mzima. Kano inavutwa, breki zinarudi, msuli unaachia. Maumivu yanaweza kubaki hadi kesho yake, nayo si hatari.

Wanaosumbuliwa zaidi ni watu waliovuka miaka 50, na wajawazito, hasa miezi ya mwisho. Ugonjwa wa kisukari, figo, ini, au tezi ya shingo iliyozembea huongeza uwezekano, na pia baadhi ya dawa, hasa vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo. Lakini wengi hawana ugonjwa wowote.

Tukirudi jikoni, jambo la kushangaza lipo kwenye achari. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwabana watu misuli ya mguu kwa umeme, wakawanywesha ama maji matupu ama maji ya achari ya matango. Waliokunywa maji ya achari misuli yao iliachia mapema kwa sekunde 49 hivi, ndani ya dakika moja na nusu, wakati kinywaji hakijapata muda wa kubadilisha chochote katika damu. Inaelekea ni ule ukali wenyewe kooni uliotuma habari ya kutuliza neva. Ni ugunduzi mzuri, ila mimi najiuliza ni nani atachechemea gizani kutafuta chupa ya achari wakati kuvuta vidole kunatosha.

Ndizi, na michembe yetu ya viazi vitamu, zina potasiamu kwa wingi na ni chakula bora. Ila kula ndizi usiku hakujathibitishwa kuzuia kubanwa, na mwenye figo mbovu anapaswa kuuliza kabla ya kuzila kwa wingi. Vidonge vya magnesi, tathmini kubwa ya tafiti iliyotolewa 2020 iliona haielekei kwamba vinawasaidia wazee. Kuchua kwa mafuta kunaliwaza na hakuna ubaya. Maji ya moto nayo sawa, isipokuwa kwa mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi: huyo ataungua bila kujua.

Tiba ya kuogopa ni kwinini. Dawa hii nayo ilipita njia ya misafara. Mmisionari na mpelelezi Livingstone, aliyekaa Kwihara nje ya Tabora kuanzia Februari hadi Agosti 1872, alijulikana kwa vidonge vyake vya homa vyenye kwinini ndani. Ilitumika kwa malaria, na hapo ilikuwa mahali pake. Mwaka 1940 madaktari wa Marekani waliandika kwamba inazuia miguu kubanwa usiku, na kwa miongo mingi wazee wakaimeza kila jioni. Kweli inapunguza kidogo idadi ya mibano. Ila kwa baadhi ya watu huharibu chembe za kugandisha damu, huvuruga mapigo ya moyo na kuvumisha masikio, na wapo waliokufa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2006, ikalirudia 2010: isitumike kwa miguu inayobana. Sioni sababu ya mtu wa Tabora kukubali hatari ambayo wengine wameikataa.

Kinachofaa hakiuzwi. Mwaka 2012 huko Uholanzi watu 80 wenye umri wa zaidi ya miaka 55 waligawanywa makundi mawili, moja likinyoosha misuli ya miguu kila usiku kabla ya kulala. Baada ya wiki 6, mibano katika kundi hilo ilikuwa imepungua kwa zaidi ya mmoja kwa usiku. Simama mbele ya ukuta, weka mikono ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma, kisigino kisinyanyuke, goti lisikunjwe, kisha egemea mbele mpaka kigimbi kivutike. Hesabu hadi kumi, pumzika, rudia mara tatu, kisha badili mguu. Legeza na blanketi miguuni.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na maumivu hayaishi, au ukibana kila unapotembea na kutulia unaposimama, nenda hospitali. Hilo ni suala la mishipa ya damu. Mjamzito amweleze mkunga wake kliniki. Na mwenye vidonge vya kwinini vilivyobaki kabatini asivimeze kwa ajili ya mguu. Avipeleke kwa mfamasia.