KITI CHA NDEGE NA MIGUU YA ASKARI

Mwezi wa Juni 2024 kikosi cha kwanza cha polisi wa jirani zetu Kenya kiliruka kutoka Nairobi kwenda Haiti. Yaliyosemwa zaidi yalihusu silaha na majukumu yao. Sisi leo tutazungumza juu ya kiti.

Chukua mfano wa safari ya Nairobi hadi New York, ambayo shirika la ndege la Kenya liliianzisha Oktoba 2018. Huchukua saa 15 hivi bila kutua. Ndege yenyewe, Boeing 787, ina viti 234, na 204 kati yake ni vya daraja la kawaida, ambako mtu mrefu hukaa magoti yakikaribia kugusa kiti cha mbele.

Wako wasemao kwamba askari aliyezoea handaki hana haki ya kulalamikia kiti. Hoja hiyo ina walakini. Handakini askari hujongea. Mashavu ya miguu ndiyo pampu irudishayo damu moyoni. Yakitulia saa nyingi, damu huweza kuganda mshipani, na donge lake likifika mapafuni laweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo takriban maradufu, ingawa wapatwao ni wachache, kama mmoja kwa 6,000.

Basi askari na alegeze kamba za buti, azungushe nyayo, anywe maji, na ainuke mara kwa mara inaporuhusiwa kufungua mkanda. Na kamanda ndiye atoe amri hiyo, kwani kijana mwenye nidhamu hanyanyuki asipoamriwa.