Baada ya kimbunga, shamba lipi hubaki na udongo?

Vijana wa vyuo wanaokuja likizo kufanya utafiti huniuliza waanzie wapi kujua kama kijiji kinaweza kuhimili kimbunga. Huwa nawapa mfano wa Amerika ya Kati.

Mwishoni mwa Oktoba 1998, Kimbunga Mitch kiliua watu zaidi ya 10,000, wengi wao Honduras na Nicaragua. Baadaye wakulima wenyewe, wakisaidiana na wataalamu, walipima mashamba zaidi ya 1,700 kwa jozi: moja lina makinga maji, miti na mazao ya kufunika udongo, jirani yake limelimwa kawaida tu. Walichimba, wakapima kina cha udongo wa juu, unyevu na mmomonyoko.

Mashamba yaliyohifadhiwa yalibaki na udongo na unyevu zaidi, hasara ikawa ndogo. Ila pale hali ilipokuwa mbaya kupita kiasi, kwa baadhi ya vipimo faida hiyo ilipotea.

Kwa hiyo kijana, dodoso peke yake halitoshi. Njoo na jembe na futi, upime pamoja na mwenye shamba. Nawe mkulima, chimba makinga maji sasa hivi kabla ya mvua. Udongo ukishakwenda mtoni, haurudi.