Je, Wajua? Darubini ya Bei Nafuu na Kindi wa Kentucky

Je, wajua kwamba maandishi 4x32 yaliyochongwa kwenye darubini ya bunduki yanakupa karibu nusu ya habari unayoihitaji kabla hujatoa hela mfukoni? Namba ya kwanza ni ukuzaji: kindi aliye umbali wa mita 40 ataonekana kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukikuta 3-9x40, ujue ukuzaji unaanzia mara 3 na kuishia mara 9, na lenzi ni ya milimita 40. Muuzaji atakusifia ile 9. Kwa mawindo madogo, itakayokufaa zaidi ni ile 3.

Kwa nini? Kadiri unavyokuza, ndivyo uwanja wa kuona unavyobana. Darubini ya kawaida ikiwa kwenye mara 9 huonyesha duara la mita 4 hadi 5 kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 30, duara hilo ni kama mita moja na nusu tu. Kindi akiruka tawi moja amekupotea, nawe utabaki unatafuta majani matupu. Teremsha hadi mara 4 na duara linapanuka karibu maradufu.

Je, wajua kwamba katika jimbo la Kentucky, Marekani, msimu wa kindi hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Agosti? Wakati huo mialoni na miti ya hikori bado imejaa majani, na msituni hata saa mbili asubuhi kuna kiza cha kijani. Mwindaji anaruhusiwa kindi 6 kwa siku. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, akiwa na miaka 12 au zaidi, hutakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Nalitaja jimbo hili makusudi. Wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo wamehamia Kentucky, hasa mji wa Louisville, na nyama ya porini si kitu kigeni kwao. Wenyeji nao wana mchuzi wao mzito uitwao burgoo, ambao zamani ulipikwa kwa kindi.

Je, wajua kwamba darubini ya bunduki ya bei nafuu kwa Wamarekani ilianzia hapohapo Kentucky? Mwaka 1930, kijana aitwaye William Weaver, katika mji wa Newport, alianza kutengeneza darubini ya ukuzaji wa mara 3 aliyoiita Model 330. Aliiuza dola 19 pamoja na kishikio chake. Kabla ya hapo mwindaji wa kawaida alilenga kwa macho matupu, kwani darubini nzuri nyingi zilitoka Ulaya na bei yake haikuwa ya mkulima. Miaka mitatu baadaye Weaver alihamia El Paso, Texas, na jina lake likajulikana kwa wawindaji wa nchi nzima. Tuitazame ile bei vizuri: dola 19 za 1930 ni zaidi ya dola 300 za leo. Kwa nusu ya fedha hiyo, leo hii unapata darubini yenye kioo angavu kuliko chochote alichoweza kukiunda Weaver. Ndiyo maana nasikitika nikimwona kijana anakopa ili anunue darubini ya kulengea swala wa mita 400, na bunduki yenyewe ni ile ndogo ya .22.

Je, wajua kwamba risasi ya .22 Long Rifle ni ya tangu 1887? Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Kindi wa kijivu ana uzito wa nusu kilo, na mwindaji mwenye huruma humlenga kichwani, mahali ambapo shabaha haizidi sentimita 3. Kila kitu kinachofuata kwenye safu hii kinahusu hizo sentimita 3. Ukikosea kwa sentimita 5, mnyama hafi. Anaingia kwenye tundu la mti na jeraha lake, na hutamwona tena.

Sasa hili la paralaksi, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowaponza wanunuzi wengi. Je, wajua kwamba darubini inaweza kuonyesha msalaba juu ya shabaha huku bunduki ikiwa inaelekea pembeni kidogo? Taswira ya mnyama na msalaba wa kulengea vikiwa havikai kwenye tabaka moja ndani ya bomba, ukisogeza jicho kushoto, msalaba nao unahama juu ya shabaha. Kiwanda hurekebisha jambo hili kwa umbali mmoja tu. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida hurekebishwa kwa yadi 100 au zaidi; zile zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 hurekebishwa kwa yadi 50, yaani kama mita 46. Kindi wengi hupigwa ndani ya umbali huo. Kwa hiyo kati ya darubini mbili za bei moja, ile iliyoandikiwa yadi 50 ndiyo yako, hata kama nyingine ina boksi la kuvutia.

Unaweza kulipima mwenyewe bila kulipa senti. Hakikisha bunduki haina risasi, ilaze juu ya mifuko ya mchanga, elekeza msalaba kwenye alama iliyo mita 40, uiache hivyohivyo. Kisha sogeza kichwa polepole juu, chini, kulia na kushoto bila kuigusa. Msalaba ukitulia juu ya alama, nunua. Ukitembea kama inzi juu ya karatasi, irudishe.

Je, wajua kwamba ukigawanya lenzi kwa ukuzaji unapata upana wa mwale wa mwanga unaolifikia jicho lako? Chukua 3-9x40 ukaiweke kwenye 9: ni milimita 4.4. Chukua 4x32 ya bei ya chini: ni milimita 8. Mboni ya kijana hufunguka hadi milimita 7 hivi gizani, na hupungua kadiri miaka inavyosonga. Kwa maana hiyo, ile darubini nyenyekevu ya 4x32 inakupa alfajiri mwanga wote ambao jicho la binadamu linaweza kuupokea. Lenzi ya milimita 50 haikuongezei kitu hapo. Tena inakulazimisha kutumia pete ndefu, shavu linaachana na kitako cha bunduki, na kichwa kinaanza kuyumba.

Lakini ukikuta mnadani zile za zamani za 4x15, zenye bomba jembamba la robo tatu ya inchi, gawanya kwanza: hazifiki milimita 4. Mchana zinafaa. Alfajiri zitakuonyesha vivuli.

Je, wajua kwamba kioo kitupu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake? Darubini yenye nyuso kumi za kioo kisichopakwa chochote ingepoteza theluthi nzima ya mwanga kabla haujafika jichoni. Mwaka 1935 mwanafizikia Alexander Smakula, akiwa kwenye kampuni ya Carl Zeiss kule Jena, Ujerumani, alivumbua njia ya kupaka utando mwembamba mno unaouzuia mwanga kurudi. Leo hata darubini za bei ya chini hupakwa, ila si kwa namna moja: kuna zinazopakwa tabaka moja kwenye baadhi ya nyuso, na kuna zinazopakwa tabaka nyingi pande zote. Soma boksi kwa makini. Hapo ndipo dola 30 za nyongeza zinapozaa matunda.

Je, wajua kwamba naitrojeni iliyojazwa ndani ya bomba si mbwembwe za wauzaji? Hewa ya kawaida ina unyevunyevu, na bunduki ikitoka kwenye gari lenye joto kwenda kwenye baridi ya alfajiri, unyevu huo hugeuka ukungu juu ya lenzi kwa ndani, mahali ambapo hakuna kitambaa kitakachofika.

Ukizungusha kirekebishi cha juu utasikia tik, tik. Kwa darubini nyingi, kila tik ni robo ya dakika ya pembe, kama milimita 3 kwa yadi 50. Kinadharia ni safi kabisa. Swali ni kama darubini inasema kweli, na kuna jaribio la zamani la kuijua: piga risasi, zungusha tik 20 kulia, piga, tik 20 juu, piga, 20 kushoto, piga, 20 chini, piga tena, muda wote ukilenga alama ileile. Matundu yanapaswa kuchora mraba, na la mwisho lirudi pale lilipoanzia la kwanza. Darubini yangu ya kwanza ilinichorea umbo lisilo na jina. Niliilaumu risasi, nikalaumu upepo, na msimu mzima ukapotea kabla sijakubali kwamba kosa lilikuwa kwenye chuma nilichokichagua kwa ajili ya ukuzaji wake. Tangu hapo, darubini ya ukuzaji mmoja usiobadilika ndiyo ninayompendekezea mwenye fedha kidogo: vipande vinavyosogea ni vichache, na fedha yako inaingia kwenye kioo.

Je, wajua kwamba bunduki ya upepo ya springi huvunja darubini ambazo bunduki kubwa haizivunji? Pistoni inaporuka mbele, bunduki hurudi nyuma. Pistoni inapogota mwisho, bunduki husukumwa mbele. Darubini nyingi zimeimarishwa kwa msukumo wa kurudi nyuma tu. Kama una springi, uliza waziwazi iwapo darubini imetengenezwa kuihimili.

Pete je? Bunduki nyingi za .22 zina mifereji ya inchi 3/8 iliyochongwa juu ya chuma, na pete za bunduki kubwa haziingii hapo. Pima kabla ya kununua.

Je, wajua kwamba risasi haiondoki pale jicho linapotazama? Darubini inakaa kama sentimita 4 juu ya mtutu. Ukiirekebisha .22 ya kasi kwa yadi 50, basi kwa yadi 10 risasi itagonga chini ya msalaba karibu sentimita 2, na kwa yadi 100 itakuwa imeanguka sentimita 16 hivi. Kindi aliye karibu sana hukoswa kwa sababu hiyohiyo, na mwindaji huondoka akidhani mkono wake ulitetemeka.

Kabla hujaingia porini, kumbuka sheria za nchi yako. Msomaji wa Kenya anajua kwamba uwindaji ulipigwa marufuku huko tangu 1977. Nchini Tanzania unaruhusiwa kwa leseni, na silaha yenyewe ina kibali chake.

Je, wajua kwamba maboksi ya risasi za .22 hubeba onyo la hatari hadi maili moja, yaani zaidi ya kilomita moja na nusu? Darubini inakupa duara dogo na kukuficha yaliyo nyuma yake. Kindi aliye juu ya tawi na mbingu tupu mgongoni mwake si wa kupigwa, hata akusimamie kwa dakika tano. Anayepigwa ni yule ambaye shina la mti liko nyuma yake. Wala darubini ya bunduki si chombo cha kuchunguzia ni nani anayepita kule bondeni. Ukifanya hivyo umemwelekezea mtu mtutu. Nunua darubini ndogo ya shingoni, hata iwe kuukuu.

Msimu huo wa Kentucky huendelea hadi Februari. Kufikia Januari mialoni imebaki matawi matupu, kindi anakuona ungali mbali, na yadi 20 za Agosti zimekuwa 50. Hapo ndipo mwenye 2-7x32 anapozungusha pete yake mpaka 6, akaegemea shina, na kusubiri jua lipande.